Mlango wa Gari Kuukuu: Pimeni Kabla ya Kulipa



Wengi wenu mnaofufua magari ya zamani, kama Volkswagen Beetle, huambiwa kwamba mlango usiofungika sawasawa unahitaji kurekebishwa kitasa tu. Kabla ya kukubali, fanyeni vipimo viwili.

Kwanza, fungueni mlango, kisha uinueni taratibu kwa ukingo wa upande wa kitasa. Ukicheza, huenda pini za bawaba zimelika, wala kitasa hakina kosa.

Pili, fungeni mlango, mtazame mwanya unaouzunguka gari likiwa chini, kisha likiwa juu ya jeki, pasipo mtu kuingia chini yake. Mwanya ukibadilika, huenda bodi imedhoofika. Katika Beetle, chunguzeni kutu kwenye mihimili iliyo chini ya milango. Ikiwa imeoza, bawaba mpya hazitafaa kitu kabla haijaundwa upya.

Mwombeni fundi makisio ya maandishi yanayotaja chanzo, vipuri na gharama. Rangi ipakwe mwisho. Vipuri vilivyotolewa mrudishiwe, mpate kujua mlicholipia. Maana mlango usioshika barabara waweza kufunguka safarini.