Kifaranga wa Mwisho: Hotuba ya Mwenyekiti Siku ya Kutimiza Miaka 10



Haba na haba!

(Wanachama: Hujaza kibaba!)

  Wapo wenzetu waliotangulia mbele ya haki kabla ya siku hii. Tunawakumbuka.

Taarifa ya fedha ameisoma Mweka Hazina wetu, na taarifa ya kazi ameisoma Katibu. Mmesikia tulivyoanza mwaka 2014 tukiwa akina mama 18 chini ya mwembe, na sanduku moja la chuma lenye makufuli matatu. Mmesikia tulivyojiandikisha baada ya kuja Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018. Hayo sitayarudia. Mimi nimesoma mpaka darasa la saba tu, na mahesabu makubwa nawaachia wenyewe. Nimeomba nafasi hii nizungumze jambo moja la kuku, halafu jambo moja la kwetu wenyewe ambalo siyo zuri, lakini lazima lisemwe.

Ndugu wanachama, sisi watu wa Singida hatuhitaji kufundishwa thamani ya kuku. Matenga ya kuku wetu yanapanda mabasi kwenda Dodoma na Dar es Salaam kila siku. Wengi wetu hapa hisa ya kwanza tuliinunua kwa pesa ya kuku. Kwa hiyo ninaposema habari ya kifaranga msidhani nawapigia hadithi za watoto.

Ilikuwa Julai mwaka 2019. Mnaijua Julai yetu: baridi usiku, na ule upepo mkavu unaopasua midomo. Nilikuwa na tetea wangu mwekundu, analalia mayai 12 kwenye kapu pembeni ya jiko. Siku nilizihesabu kwa alama za mkaa ukutani, kama alivyonifundisha mama. Yai la kuku ni siku 21. Siku ya ishirini jioni nikasikia sauti ndani ya mayai. Siku ya 21 wakatoka vifaranga tisa. Nikafurahi sana.

Siku ya 22 asubuhi nikamwinua tetea kidogo. Yalibaki mayai matatu. Mawili nilipoyatikisa yalicheza maji, viza yale. Moja lilikuwa na tundu dogo, ncha ya mdomo inaonekana. Nikalirudisha nikasema, huyu naye anakuja.

Kesho yake naamka, tetea hayupo. Ametoka na watoto wake tisa, anawaparulia uani. Lile yai la tundu limebaki kwenye kapu. Nikalishika, la baridi. Nikaliweka sikioni. Jamani, nikasikia anapumua kwa kilio kidogo sana, kama mtu anayeita kutoka mbali.

Tusimlaumu tetea. Kifaranga akitotolewa huwa amebeba chakula tumboni, kile kiini cha yai, kinachomtosha siku mbili hivi mpaka tatu. Baada ya hapo ni lazima ale na anywe. Tetea ana tisa wanaotaka kula. Akimngoja mmoja, atawapoteza tisa. Basi anaondoka. Ndivyo alivyoumbwa.

Sasa mimi nilikuwa nimeshawahi kupata mtihani kama huo, miaka mingi nyuma, na niliukosa. Mara ile ya kwanza niliona kifaranga ametoboa tundu, saa zinapita hatoki. Nikaingiwa na huruma. Nikachukua yai, nikamenya ganda lote kwa vidole kama namenya yai la kuchemsha, nikamvuta. Damu ikatoka kwenye ule utando. Na kwenye kitovu kiini kilikuwa bado kinaning'inia nje, hakijaingia tumboni. Kabla ya saa sita mchana akafa mkononi mwangu. Nilimuua kwa huruma yangu mwenyewe.

Baadaye bwana mifugo akanieleza, na maneno yake nimeyashika mpaka leo. Alisema: kifaranga akitoboa ganda halafu akakaa kimya, usidhani ameshindwa. Yumo kazini. Ule utando una mishipa ya damu, na damu ile ni yake, inarudi mwilini mwake polepole. Kile kiini nacho kinaingia tumboni kupitia kitovuni. Tangu kutoboa tundu mpaka kutoka inaweza kuchukua siku nzima, mchana na usiku. Ukimvuta kabla kazi hiyo haijaisha, unamkata mishipa. Haraka haraka haina baraka, na kwa kifaranga ni kifo.

Kwa hiyo siku ile ya 2019 sikugusa ganda. Nilijiuliza: huyu anakosa nini kwanza? Alikuwa anakosa joto. Mama yake ameondoka na joto lake. Nikachukua boksi, nikaweka chupa ya maji ya moto niliyoifunga kwa kitambaa, nikatandika khanga kuukuu, nikaliweka yai juu yake, tundu likiangalia juu apate hewa. Pembeni nikaweka kitambaa kilicholowa maji, maana upepo wa Julai hukausha ule utando ukawa kama karatasi, ukamnata kifaranga kwenye manyoya asiweze hata kugeuka. Nikafunika, nikaacha upenyo. Kila chupa ikipoa nabadilisha maji.

Saa nane mchana nikamwangalia. Kilio kimepata nguvu, lakini tundu ni lile lile la jana asubuhi. Zaidi ya siku nzima imepita. Utando kuzunguka tundu umekauka, umekuwa rangi ya ganda la kitunguu. Hapo nikajua, huyu nguvu anayo ila amefungwa. Bila msaada atakufa humo humo.

Nikanawa mikono. Nikachovya pamba kwenye maji ya uvuguvugu, nikalowesha utando kidogo kidogo, nikiangalia maji yasiingie kwenye pua zake. Nikatoa kipande cha ganda kidogo kama ukucha, ule upande mnene wa yai. Nikaona kamshipa kekundu. Nikaacha hapo hapo! Nikamrudisha kwenye joto. Mkono uliwasha kuendelea, lakini niliukumbuka mkono ule ule ulichofanya mara ya kwanza.

Baada ya kama saa mbili nikaangalia tena. Kamshipa kamefifia. Nikalowesha, nikatoa vipande vingine, nikizunguka pale pale ambapo mwenyewe angekata kama angeweza. Nikafungua kichwa tu. Nusu ya chini ya ganda sikuigusa. Kazi ile nilimwachia mwenyewe.

Saa tatu usiku akasukuma. Akapumzika. Akasukuma tena. Akatoka, amelowa, mbaya wa sura, shingo haisimami. Kitovuni palikuwa na kauzi kadogo. Sikukavuta, kalikauka kenyewe. Sikumpa chakula usiku ule, maana chakula anacho tumboni. Nilimwacha kwenye joto akauke. Na usiku uliofuata, giza likiwa limeingia, nikamsukumiza taratibu chini ya mbawa za mama yake. Mchana tetea angeweza kumdonoa kama mgeni. Gizani hupokea. Asubuhi akatoka na kumi.

Siwadanganyi kwamba kila mmoja hupona. Tangu hapo nimesaidia wengine, na wapo waliokufa, kwa sababu wengine wana ubovu wa ndani usioonekana. Lakini yule alipona. Akawa jogoo. Nilimuuza Februari ya mwaka uliofuata, nikanunua madaftari ya mjukuu na hisa mbili.

Ndugu wanachama, sasa nakuja kwetu.

Mwaka 2016 tulikuwa na mwenzetu aliyekopa shilingi 300,000. Mume wake akaugua, akawa anakaa naye hospitali. Marejesho matatu yakapita. Katiba yetu ya wakati ule ilisema, marejesho matatu yakipita, kikundi kinachukua mali. Mnakumbuka tulichofanya. Tulikwenda watu saba na mkokoteni. Mimi ndiye niliyekuwa mbele. Tukachukua cherehani yake, tukaiuza, deni likaisha.

Wapo mpaka leo wanaosema tulifanya vizuri, deni lililipwa. Ni kweli lililipwa. Lakini cherehani ndiyo iliyokuwa inamlisha. Hakuna hata mmoja kati ya wale saba aliyekwenda kwanza kumuuliza, mgonjwa anaendeleaje. Hatukumpelekea hata kilo ya unga, na mfuko wa jamii ulikuwa na pesa. Tulimkuta yuko baridi, tukaanza kumenya ganda. Hakurudi tena kikundini. Tukikutana kisimani ananisalimia vizuri, anainama, anachota maji yake, anaondoka. Ile salamu yake ndiyo inayoniuma.

Agosti mwaka 2019, mwezi mmoja tu baada ya yule kifaranga, likatokea jambo lile lile. Mwenzetu mwingine alikuwa na deni la 400,000 alilofugia kuku. Kideri kikapita, wakaisha wote ndani ya wiki moja. Kikao kiligawanyika. Upande mmoja ukasema, tumchukulie bati zake. Upande wa pili ukasema, maskini, tumsamehe deni lote. Mimi nikasimama nikasimulia habari ya kifaranga, na wengine mlinicheka. Lakini mkanisikiliza.

Kwanza tulipeleka joto. Akina mama watatu walikwenda kwake na unga, maharage na sabuni kutoka mfuko wa jamii, na walikatazwa kutaja deni siku hiyo. Wiki ya pili tukamwita, tukamuuliza yeye mwenyewe: unaweza kiasi gani? Akataja kidogo. Wengine wakaguna. Tukakubali. Deni likakatwa vipande kumi bila kuongeza riba. Hatukumlipia na hatukumfutia, kwa sababu anayelipiwa hubaki ameinamisha kichwa kila kikao. Nusu ya ganda tulimwachia aisukume mwenyewe. Alimaliza Juni mwaka 2020. Leo yeye ndiye mmoja wa washika funguo watatu wa sanduku hili mnaloliona.

Na tangu hapo kuku wote wa wanachama wanapata chanjo ya kideri, tone moja jichoni, kila baada ya miezi mitatu, siku moja wote. Ratiba imebandikwa mlangoni kwa Katibu. Tafadhali msingoje ugonjwa ufike ndipo mkimbilie dawa. Kideri hakina tiba, kina kinga tu.

Katiba nayo tuliirekebisha. Sasa inasema mwanachama aliyekwama atatembelewa kabla ya kudaiwa, na kwamba chombo cha kazi, iwe cherehani, jembe au baiskeli, hakichukuliwi. Ni maneno mawili matatu tu, lakini yametugharimu mtu.

Ndiyo maana leo, katika sherehe hii yenye keki na ngoma, mimi naona kiti kimoja ni kitupu. Nilimpelekea kadi ya mwaliko. Aliipokea kwa mikono miwili. Hakuja, na sina haki ya kumlaumu.

Basi nawaomba wanachama mambo mawili. La kwanza, kikao cha mwezi ujao nitaleta hoja kwamba kikundi kimnunulie cherehani. Isiwe mkopo wala zawadi. Tutakuwa tunarudisha kitu cha mwenyewe. Mjiandae kuijadili, na atakayepinga apinge waziwazi, tutasikilizana. La pili, Jumapili alasiri nitakwenda kwake kuomba radhi. Nitakwenda peke yangu. Siku ile tulikwenda kundi zima, safari hii sitaki aone kundi linaingia uani kwake. Sitamwambia arudi. Nitakaa, nitasema niliyokuja kusema, halafu nitaondoka. Kurudi au kutorudi ni kazi yake mwenyewe, na pengine itachukua muda mrefu.

Ndugu Mgeni Rasmi, umeombwa usikie mafanikio, na mimi nimekuletea na kosa. Utuwie radhi. Lakini kikundi cha miaka 10 kisichoweza kutaja kosa lake hadharani, sidhani kama kitafika miaka 20.

Nawashukuru waume zetu waliotuachia muda wa vikao. Nawashukuru vijana waliojenga turubai hili. Wapishi mmetutendea wema, Mungu awalipe. Chakula kipo tayari, na ndiyo, ni kuku.

Haba na haba!

(Wanachama: Hujaza kibaba!)