Haki ya Mzee Katika Mwanga wa Mchana

Sifa zote njema anastahiki Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote, Mwenye kuleta usiku na mchana kwa hekima Yake. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake, na masahaba zake wote.

Ama baad. Enyi waja wa Mwenyezi Mungu, tunakuusieni pamoja na kuziusia nafsi zetu kumcha Mwenyezi Mungu kwa siri na kwa dhahiri.

Ndugu Waislamu mliomo msikitini, nanyi mnaotusikiliza majumbani, hotuba yetu ya leo ni juu ya usingizi wa wazee wetu. Huenda mtu akauliza: je, usingizi nao ni jambo la mimbarini? Naam, ni la mimbarini. Katika Suratun Nabaa Mwenyezi Mungu ameutaja usingizi, usiku na mchana pamoja, kila kimoja na kazi yake, miongoni mwa neema alizotupa. Na Mtume, rehema na amani zimshukie, alimfundisha sahaba wake Abdullahi bin Amr kwamba mwili una haki yake, na jicho nalo lina haki yake.

Basi tutazame hali ilivyo katika baadhi ya nyumba zetu hapa Elerai. Mzee aliyepita miaka 70 hupewa chumba cha nyuma chenye dirisha dogo, na dirisha lenyewe limezibwa kwa pazia zito. Inapofika Juni na Julai, mawingu yakaufunika Mlima Meru na baridi ikashuka, huambiwa asitoke nje asije akaugua kifua. Hushinda humo akisinzia kitini. Baada ya Magharibi usingizi humshinda hata Isha humpa taabu. Ikifika saa nane ya usiku yu macho: anakohoa, anafungua mlango, anatafuta maji. Watoto hununa, wakwe hunong'onezana. Mmoja atasema mzee amerudi utotoni. Mwingine, Mwenyezi Mungu atuepushe, atadhani ni mambo ya uchawi.

Enyi Waislamu, dhana hiyo si jambo dogo. Katika mikoa ya Shinyanga na Mwanza akina mama wazee wamekwisha kuuawa kwa kudhaniwa wachawi, kwa sababu ya macho mekundu tu, nayo macho mara nyingi huwa yamefanywa mekundu na moshi wa jikoni wa miaka mingi. Walipika wakatulisha, kisha malipo yao yakawa hayo. Ujinga juu ya jicho la mzee umemwaga damu. Kwa hiyo kujifunza habari za jicho hilo ni sehemu ya kuwafanyia wema wazazi.

Wataalamu wametueleza kwamba jicho lina kazi mbili. Ya kwanza ni kuona. Ya pili ni kuupasha ubongo habari ya mchana na usiku. Mwanzoni mwa karne hii, kiasi cha mwaka 2002, walithibitisha kwamba nyuma ya jicho zimo chembe maalumu zinazopokea mwanga, hasa ule wa rangi ya samawati ulio mwingi mchana, na kupeleka habari kwenye sehemu ndogo ya ubongo iliyo kama saa ya mwili. Saa hiyo ikipata mwanga mwingi mchana na giza usiku, mwili hutoa kwa wakati wake homoni iitwayo melatonini, inayouandaa kwa usingizi.

Mtu anapozeeka, mboni yake husinyaa, na lenzi ya jicho lake hugeuka rangi ya manjano, ikauzuia ule mwanga wa samawati. Kwa makadirio ya wataalamu, jicho la mtu wa miaka 60 hupitisha kiasi cha theluthi moja tu ya mwanga unaopita katika jicho la kijana wa miaka 20. Akipata na mtoto wa jicho, hupungukiwa zaidi. Sasa mtu huyu, ambaye mwanga umempungua ndani ya jicho, sisi tunampunguzia tena nje ya jicho kwa kumfungia chumbani! Saa ya mwili wake itajuaje kwamba kumekucha?

Wala hatuna udhuru. Ziko nchi za kaskazini ambako jua la majira ya baridi huonekana kwa saa chache tu. Sisi wa Arusha tu karibu na Ikweta. Kati ya siku yetu ndefu na siku yetu fupi tofauti haifiki nusu saa. Na mwanga wa nje, hata siku ya mawingu, huuzidi ule wa chumbani mara nyingi sana.

Basi yafuatayo ni wajibu wetu. Asubuhi, jua likisha kuchomoza, mzee avikwe nguo nzito, awekewe kiti barazani, akae kiasi cha saa moja bila kulikodolea jua macho. Yule anayesinzia mapema jioni atolewe tena baada ya Alasiri. Kailula ni sunna, lakini iwe fupi. Usiku chumba kiwe na giza, televisheni izimwe, ibaki taa ndogo hafifu njiani asije akajikwaa anapokwenda kutawadha. Mtume, rehema na amani zimshukie, alituamrisha kuzima taa wakati wa kulala kwa kuhofia moto. Leo tunaiona na faida nyingine.

Wala tusimnunulie dawa za usingizi madukani bila ya daktari, kwani huwaangusha wazee wakavunjika. Tena si kila kukesha ni kwa ajili ya macho: yako maumivu, kisukari, kwenda haja mara kwa mara, na majonzi. Hayo pia yapelekwe hospitali.

Mtume alitufundisha kujitibu, kwani kila ugonjwa umewekewa dawa isipokuwa uzee. Lakini mtoto wa jicho ni ugonjwa, nao hutibika. Miaka elfu moja iliyopita tabibu Mwislamu, Ammar bin Ali wa Mosul, aliufyonza kwa sindano yenye tundu. Leo hutolewa kwa upasuaji mfupi, na karibu yetu, kule Moshi, iko Hospitali ya KCMC yenye idara ya macho inayojulikana. Baadhi ya waliopasuliwa wamerudishiwa kuona, na usingizi wao ukatengemaa pia. Anayeweza kuchangia harusi, hashindwi kumpeleka mama yake Moshi.

Na mzee akiamka usiku, tusimgunie. Mwenyezi Mungu ametukataza kuwagunia wazazi waliofikia uzee mikononi mwetu. Tumpe maji atawadhe. Huenda nyumba nzima ikasalimika kwa dua yake ya saa ile.

Ewe Mola wetu, warehemu wazazi wetu waliotulea tungali wadogo. Yatie nuru macho yao na nyoyo zao, uwape usingizi wa utulivu, na utujaalie kuwa watoto wema kwao. Wasamehe Waislamu wote, walio hai na waliotangulia. Amin.

Wabillahi taufiki. Wassalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.