Simu ya Wakati wa Chakula

Jioni moja tulikuwa mezani, chakula kimekwisha pakuliwa, simu ikalia. Mtu tusiyemjua alitutaja kwa jina, akataka kutuuzia kiwanja. Hatukuwa na haja ya kiwanja wala fedha za kukinunua, lakini tulimjibu, "Tuko mkutanoni, piga kesho." Mtoto wetu akatutazama, kijiko mkononi. "Baba, mkutano uko wapi?"

Kesho yake yule mtu alipiga, na kesho kutwa akapiga tena. Tumlaumu nani? Sisi wenyewe tulimwalika.

Katika Mathayo 5:37 Bwana Yesu atufundisha kukubali au kukataa bila kuzunguka. Na Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya, ya mwaka 2019, yatupa haki ya kupinga habari zetu zisitumiwe kwa biashara tusiyoikubali.

Basi alipopiga mara ya nne tulisema, "Ndugu, hatununui. Tafadhali ifute nambari yetu katika orodha yako, usitupigie tena." Akashukuru kuambiwa ukweli, naye anatafuta riziki. Hajapiga tena.

Akiwapo asiyesikia, tuizuie nambari yake katika simu, au tumshtaki kwa Kamishna wa Data. Wala tusiandike nambari yetu katika kila karatasi tunayoletewa. Lakini kwanza tuseme kweli, kwa upole, maana watoto wetu wanasikia.

Mungu atusaidie. Amina.