Kumi na Mmoja, Singo au Dabo? Malazi na Usafiri wa Familia Kubwa Jijini Dar es Salaam

Ndugu mwenyekiti, wenye hoteli na gesti, wamiliki wa magari na madereva, nimekaribishwa hapa niseme kama mteja. Sina chumba cha kupangisha wala gari la biashara. Nina cheo kimoja tu: ni katibu wa kamati ya ukoo wetu kule Iringa. Kazi ya katibu, ukiacha kukusanya michango na kugombana na wasiochanga, ni kuhakikisha watu wakifika mjini wana pa kulaza ubavu.

Nikipiga simu mapokezi, swali la kwanza huwa, "Singo au dabo?" Nikisema tuko kumi na mmoja, upande wa pili kunakuwa kimya. Kisha sauti inarudi, "Kumi na mmoja ni semina?" Hapana, dada, ni familia.

Sensa ya mwaka 2022 ilionyesha kwamba wastani wa kaya ya Tanzania ni watu 4.3. Kaya ya wastani, basi, haienei kwenye dabo hata kabla hujamuongeza bibi, mama mdogo na mpwa anayesoma kwenu. Na familia ikija Dar haiji kwa wastani. Inakuja kwa harusi, kwa mahafali, kwa mgonjwa, na kwa msiba ambao hauna miadi. Mtu peke yake akija mjini kikazi ataweka begi popote. Sisi tunakuja na beseni la mchele, maparachichi ya shemeji, na mzee asiyepanda ngazi.

Usiku wa Mbagala

Nianze na kosa langu mwenyewe. Kuna safari tulikuwa na mambo mawili kwa wiki moja: sendofu ya mpwa wangu kwenye ukumbi wa Sinza, na kliniki ya mama yangu mzazi pale Muhimbili, siku mbili tofauti. Binamu mmoja akasema anajua gesti safi Mbagala, bei nusu ya mjini. Nikaandika kwenye daftari la ukoo kwamba tumeokoa fedha. Nilijisifu kabisa.

Basi lilitushusha Stendi ya Magufuli, Mbezi, saa 10 alfajiri. Tangu Serikali iruhusu tena mabasi kutembea usiku mwaka 2023, familia nyingi hufika saa hizo, na ni jambo jema kwa anayewahi kliniki. Lakini gesti ilitaka mgeni aingie saa 8 mchana, na vyumba vyetu vilikuwa bado vina watu. Watoto wakalala juu ya mizigo kwenye veranda hadi jua likawa kali. Tulipoingia, vyumba vinne tulivyoahidiwa "pamoja" vilikuwa viwili chini na viwili ghorofa ya pili, huku na huku. Mama akawa chini peke yake na mjukuu wa miaka tisa, mimi juu, na simu ikawa ndiyo kengele ya kuitia maji.

Hayo yote tungeyasahau. Kilichotumaliza ni barabara. Mbagala iko kusini, Barabara ya Kilwa. Muhimbili iko Upanga, na Sinza iko kaskazini-magharibi. Kila asubuhi tulivuka jiji, kila jioni tukalivuka tena. Siku ya sendofu tulipanda daladala tukagawanyika. Nusu yetu wakashuka kituo kisicho chao, na bibi harusi mtarajiwa akaingia ukumbini shangazi zake wakiwa bado wanaulizana njia. Niliporudi Iringa nikajumlisha. Fedha tuliyookoa kitandani tuliiacha yote barabarani, na juu yake ikaongezeka nyingine. Daftari lile ninalo, lakini ukurasa huo siuonyeshi kwenye vikao.

Kitanda hutafutwa kwa kutazama njia

Tangu hapo sitafuti chumba kwanza. Nachukua karatasi, naandika sehemu tutakazokwenda, halafu natafuta barabara inayozipitia. Kwa safari ile jibu lilikuwa usoni petu: Barabara ya Morogoro. Stendi iko juu yake kule Mbezi. Ukishuka nayo unapita Kimara, Ubungo, Shekilango, Manzese, Magomeni, Jangwani hadi Fire. Shekilango unaingia Sinza. Fire unachukua bajaji kidogo tu kufika Muhimbili. Na katikati ya njia hiyo hupita mwendokasi, ambayo tangu Mei 2016 ina njia yake yenyewe kwenye mtandao wa kilomita 20.9 wa awamu ya kwanza, kwa hiyo foleni ya magari mengine si shida yake. Tungelala Magomeni au karibu na Shekilango, kila tulikotaka kwenda kungekuwa juu au chini ya barabara moja.

Tufanye hesabu ya mfano. Gesti ya mbali tuseme ni shilingi 25,000 kwa chumba, ya karibu 40,000. Vyumba vinne, tofauti ni 60,000 kwa usiku. Inauma kuiona. Sasa chukua gari la kukodi la kuwavusha watu kumi na mmoja asubuhi na jioni, ongeza chakula cha mchana cha barabarani kwa sababu huwezi kurudi kupika wala kupumzika, ongeza nauli ya mtu mmoja anayerudi kuchukua kadi ya kliniki iliyosahaulika. Na daima kuna kadi iliyosahaulika.

Kanuni hii ina kasoro zake. Masika, mvua kubwa ikinyesha, maji ya Msimbazi hufunika Jangwani na njia hukatika. Mwenye mgonjwa Muhimbili kati ya Machi na Mei afadhali alale upande wa Upanga au Kariakoo, asiwe na bonde katikati. Anayekwenda Zanzibar kwa boti ya asubuhi alale karibu na bandari. Na anayekuja kwa treni ya SGR, iliyoanza safari za Morogoro Juni 2024 na za Dodoma Julai mwaka huohuo, anashuka katikati ya mji. Huyo stendi ya Mbezi haimhusu, na Kariakoo au Ilala ndiko kwake.

Chumba chenyewe

Wenye familia kubwa tunaogopa kusema ukweli kwenye simu. Tunasema tuko sita, tunafika tisa, tukitumaini watoto wataonekana wadogo. Mhudumu anawaona, anakasirika, na mazungumzo ya bei yanafanyika mbele ya mizigo saa 5 usiku. Hilo ni kosa letu. Lakini tunalifanya kwa sababu tukisema ukweli tunaambiwa vyumba vimejaa.

Tunachotafuta si kitu kikubwa. Tunataka vyumba vilivyo kwenye korido moja, ghorofa ya chini kwa mzee, na godoro la ziada lenye chandarua chake. Tunataka bafu ambalo mzee anaweza kuingia bila kuvuka beseni la bafu. Tunataka pa kuchemshia uji wa mtoto. Wengi wenu mnazo nyumba zenye vyumba vitatu na sebule huko uani, mnazipangisha kimoja kimoja kama gesti. Mkizifungua kwa familia nzima, na jiko likiwemo, hamtazipa nafasi ya kupumua mwezi wa Desemba.

Kuna waliolijua hili zamani. Hosteli za taasisi za dini, kama Msimbazi Center pale Ilala, Kurasini kwa Baraza la Maaskofu, au Luther House karibu na Kivukoni, zimezoea kupokea makundi: kwaya, warsha, mahujaji. Mkienda kumi na mmoja hawashtuki. Hazina madoido, na ukitaka nafasi lazima uwahi, hasa msimu wa makongamano na wiki ya Sabasaba. Mimi Mwislamu, na nimelala huko na mama yangu bila tatizo lolote; alichouliza ni kibla kiko upande gani tu.

Nisogee karibu na jambo ambalo hatulisemi kwa sauti. Kuna gesti zinazoishi kwa wateja wa saa mbili. Sina ugomvi na riziki ya mtu. Lakini mtoto wa miaka saba asiulize kwa nini mlango wa jirani unafunguliwa mara tano kabla ya chakula cha jioni. Kama gesti yako ni ya aina hiyo, niambie kwenye simu kwamba haifai familia. Nitakushukuru, na nitakuletea harusi yangu siku ukijenga nyingine.

Gari

Kwenye usafiri nitakuwa mfupi, maana madereva mnajua kuliko mimi. Bajaji ni abiria watatu. Kumi na mmoja ni bajaji nne, na bajaji nne haziwezi kufika pamoja hata zikitaka. Noah ni watu saba au nane, mizigo ikiwa michache. Haisi, kile kipanya cha zamani, huchukua familia yetu yote na mabeseni. Coaster ni ya sendofu na msiba, si ya kliniki. Kwa sisi wa kumi na mmoja, Haisi moja kwa siku nzima hushinda Noah mbili, kwa sababu dereva ni mmoja, namba ya simu ni moja, na hakuna anayempoteza mwenzake Ubungo.

Msafiri naye atazame namba ya gari. Nyeupe ni ya biashara, njano ni ya binafsi. Gari la njano la rafiki wa binamu ni rahisi hadi siku askari wa barabarani atakapouliza abiria wote wamelipa shilingi ngapi. Hapo familia nzima hushuka Tazara juani.

Na dereva aambiwe ratiba nzima kabla ya bei, siyo kipande kipande. Tulikuwa tunasema "Muhimbili tu", halafu njiani "tupitie Kariakoo kidogo kununua vitenge". Kariakoo hakuna kidogo.

Ninachoomba kwenu

Kwa wenye malazi, ombi langu ni la simu ya kwanza. Mhudumu aulize mko wangapi, kuna mzee au mtoto mchanga, mnakwenda wapi, mnafika saa ngapi. Maswali manne. Jibu la swali la nne ndilo lingetuokoa na veranda ile ya Mbagala: gesti yenye chumba kimoja cha kuogea na kuweka mizigo kwa wanaofika alfajiri, hata kwa malipo kidogo, itapendwa sana na watu wa mabasi ya usiku. Na mkipokea malipo ya awali kwa simu, andikeni kwenye ujumbe namba za vyumba, si idadi peke yake. "Vyumba 4" ni ahadi. "Vyumba 3, 4, 5 na 6, chini" ni chumba.

Kwa wenye magari, wekeni makubaliano na gesti zilizo njiani mwenu. Mgeni akipewa namba ya dereva na mhudumu anayemjua, hahangaiki stendi, na dereva hapotezi asubuhi yake akigombea abiria.

Limebaki jambo moja ambalo mimi na baadhi yenu hatujaelewana, nalo ni bei ya mtoto. Treni ya SGR ilipotangaza nauli zake ilisema wazi: chini ya miaka minne bure, minne hadi kumi na miwili nusu. Gesti nyingi hazina kanuni hiyo. Mtoto hulipiwa kwa namna mhudumu alivyoamka siku hiyo. Nilipolalamika kwa mwenye gesti mmoja wa Magomeni, alinijibu kwamba mtoto wa treni anakaa kwenye kiti, mtoto wa gesti anaoga mara tatu, anavunja bomba la sinki na kukojolea godoro. Nimekosa la kumjibu. Mwenyekiti, naona umeshika saa. Naomba hilo tulichukue kwenye vikundi baada ya chai, na yeye mwenyewe nimemwona amekaa safu ya tatu.