Ligi ya Daftari: Watoto Wacheze Mpira wa Hesabu, Wasicheze Kamari

(Hotuba ya ofisi ya maendeleo ya jamii kwa viongozi wa vikundi vya kujisaidia, katika ukumbi wa parokia)



 Tunajua wengine wenu mmeacha mahindi juani, kwa hivyo hatutawaweka hapa mpaka jioni. Mkutano uliopita mlituuliza swali, tukaahidi kulijibu: hii ligi ambayo watoto wanaandika kwa daftari kila Ijumaa nyuma ya kanisa ni kitu gani? Mama mmoja alisema mtoto wake alikuja nyumbani akijisifu kwamba "amenunua" golkipa kwa maharagwe, naye akaenda haraka kuangalia debe lake. (Kicheko.) Basi leo tutaeleza yote, hata makosa yetu, ili kikundi kinachotaka kuanzisha ligi kama hii kisipite pale pale tulipoteleza sisi.

Mchezo wenyewe unaitwa ligi ya fantasi, yaani ligi ya kubuni. Mtoto hachezi mpira kwa miguu. Anachagua wachezaji wa kweli kutoka timu mbalimbali, anawaandika kwenye karatasi, na hiyo inakuwa timu yake. Wachezaji wale wakicheza mechi zao za kweli, yeye anahesabu pointi. Akifunga bao mchezaji wake, mtoto anapata. Akipewa kadi nyekundu, mtoto anapoteza. Ni hivyo tu.

Vijana wengi hapa wanaujua mchezo huu kwa simu, ule wa Ligi Kuu ya Uingereza, ambao ulianza mwaka wa 2002. Huko unapewa paundi milioni 100 za kubuni, unanunua wachezaji 15, na huruhusiwi zaidi ya 3 kutoka klabu moja. Lakini msifikiri bila simu haiwezekani. Wamarekani walianza mchezo wa namna hii mwaka wa 1962, kwa mpira wao ule wa kubeba mikononi. Aliyeubuni, Bill Winkenbach wa Oakland, na wenzake walikuwa na gazeti, kalamu na karatasi. Kule Uingereza Andrew Wainstein alianzisha wa kandanda mwaka wa 1991, wakati ambapo hakuna mtu aliyekuwa na intaneti mfukoni. Kwa hivyo kigango kisicho na stima kinaweza. Kinachotakiwa ni radio moja, ubao, na mtu mmoja mwaminifu wa kuandika.

Sasa tuingie kwa makosa, maana hapo ndipo penye mafunzo.

Mwaka wa 2023 tulianza na watoto 24 wa gredi ya 3 hadi ya 6. Tulitaka wawe na kazi ya kufanya Ijumaa jioni na Jumatatu badala ya kuzurura sokoni na kuchungulia kwenye vibanda vya video. Hatukuwa na pesa za madaftari wala za zawadi. Tukaona ni rahisi: kila mtoto alete shilingi 10. Tukapata 240. Tukanunua mpira wa plastiki na chaki, tukatangaza kwamba mshindi wa muhula atapewa huo mpira. Tulijisifu sana. Tuliona tumefanya harambee ndogo.

Siku ya kutoa zawadi mama mmoja mzee wa kikundi cha kufuma vikapu alikuwa amekaa pale nyuma. Alinyoosha mkono akauliza, "Watoto ishirini na nne wametoa shilingi kumi kumi. Mmoja anaenda na mpira, wengine wanaenda mikono mitupu. Hiyo nyinyi watu wa diploma mnaiita nini?"

Ukumbi ukanyamaza. Hatukuwa na jibu, kwa sababu jibu tulilijua. Ukitoa pesa, ukangoja bahati ya mambo usiyoyatawala, na mmoja akachukua vya wote, hiyo ni kamari. Sheria ya Kenya inakataza mtu wa chini ya miaka 18 kucheza kamari, na sisi tulikuwa tumewafungulia watoto wa miaka tisa mlango wake, tena nyumbani mwa Mungu. Nyumba ngapi katika parokia hii zimelia kwa sababu ya kubeti? Karo imeliwa, mbolea imeliwa, kuna pikipiki iliyochukuliwa kabla mkopo haujaisha. Tunakuja kwenu kila mwezi kusema juu ya jambo hilo, kumbe tulikuwa tunapanda mbegu yake kwa mkono mwingine.

Tulirudisha zile shilingi kumi, moja moja. Mpira ukawa wa watoto wote.

Mwaka wa 2024 tukasema, basi hakuna kiingilio. Tukaona pia tuachane na Uingereza, kwa sababu mechi zao nyingi zinaisha jioni au usiku na watoto walikuwa wanatoroka kwenda kuziangalia. Tukatumia timu za vijana wa hapa kwetu. Watoto wanawajua kwa majina, mechi ni Jumapili alasiri, kila kitu kiko wazi. Wazo zuri, sivyo? Lakini tulibandika matokeo mlangoni pa ukumbi pamoja na majina ya watoto. Kufika wiki ya nne tukasikia kwamba pale steji na dukani watu wazima wanawekeana shilingi hamsini hamsini: mtoto wa fulani ataongoza, mtoto wa fulani hataongoza. Vijana wa boda boda, wengine mko hapa, hatuwasemi vibaya, mnatubeba kila siku. Lakini mtoto mmoja alinunuliwa mandazi ili aonyeshe karatasi yake kabla ya wakati. Mwingine alipigwa kofi na kaka yake kwa kuchagua nahodha asiyefunga. Kofi, kwa mchezo wa daftari! Siku hiyo hiyo tulibandua karatasi mlangoni tukafunga ligi. Watoto walilia, na wazazi wengine walitulaumu kwamba tumewaadhibu wasio na makosa. Walisema kweli.

Tulikaa muhula mzima tukifikiri na viongozi wa vikundi vitatu, na hasa na yule mama wa vikapu, ambaye tulimwomba awe mlinzi wa ligi. Anasema mpira haujui. Hilo ndilo tulilotaka, mtu ambaye macho yake yako kwa watoto.

Ndipo ikaja Agosti 2025. Mnakumbuka Kenya, Uganda na Tanzania walikuwa wenyeji wa mashindano ya CHAN, yale ya wachezaji wanaocheza katika ligi za nchi zao wenyewe. Timu 19, mwezi mmoja, na shule zilikuwa zimefungwa kwa sehemu kubwa ya mwezi huo. Tukaona huo ndio wakati. Tuwaeleze vile tulivyofanya, nanyi mchukue kinachowafaa.

Watoto wanacheza watatu watatu, si mmoja mmoja. Makundi yalikuwa manane, na kila kundi lina mkubwa anayejua kuandika vizuri, wa katikati, na mdogo. Kundi lina jina la ndege au mti: Korongo, Mvule, Kanga. Kwa ubao tunaandika jina hilo peke yake, wala hakuna jina la mtoto linalobandikwa popote. Ukiwa steji huwezi kuwekea Mvule pesa kwa urahisi kama hujui Mvule ni nani, na kesi ya kofi haiwezi kumwangukia mtoto mmoja.

Kila kundi linapewa maharagwe 30. Hiyo ndiyo pesa. Mchezaji nyota ni maharagwe 10, wa kati 6, wa kawaida 3. Bei wanapanga watoto wenyewe kwa kubishana, na hiyo kelele msiizime, ndiyo shule yenyewe. Wananunua watano: golkipa, beki, kiungo na washambulizi wawili, si zaidi ya wawili kutoka nchi moja. Kundi la Kanga siku ya kwanza lilikimbilia nyota watatu. Maharagwe thelathini yakaisha, na nafasi mbili zimebaki wazi. Mdogo wao alitutazama akauliza, "Sasa tukope?" Tukasema hapa hakuna mkopo. Wakarudisha nyota mmoja, wakanunua watatu wa kawaida, likabaki haragwe moja. Tumefundisha bajeti katika vikundi vyenu miaka mingi kwa chati na kalamu za rangi. Hatujawahi kuona funzo likiingia haraka namna ile.

Pointi zetu ni chache. Mchezaji akiingia uwanjani, 1. Akifunga bao, 5. Golkipa au beki ambaye timu yake haikufungwa, 4 zaidi. Kadi ya manjano, toa 1. Nyekundu, toa 3. Nahodha, mara mbili. Tulijaribu pia kuhesabu pasi ya bao tukaacha, kwa sababu radio haisemi kila mara ni nani aliyetoa pasi, na ugomvi ukawa mwingi.

Tuchukue mfano. Golkipa amecheza na hakufungwa: 1 na 4, ni 5. Beki amecheza, timu yake imefungwa, na amepewa kadi ya manjano: 1 toa 1, hana kitu. Kiungo amecheza tu: 1. Mshambulizi nahodha amefunga mawili: 1 na 10 ni 11, mara mbili ni 22. Mshambulizi wa pili hakucheza: 0. Jumla 28. Kundi moja linahesabu, na kundi jingine linahakiki. Sisi wenyewe tulikosea mara moja kwa ubao, na aliyetusahihisha ni msichana mdogo ambaye tangu mwanzo alikuwa anakaa nyuma na kusema hajui mpira. Tangu siku hiyo hakukaa nyuma tena. Wasichana wengi husema hawajui mpira, lakini ligi hii inataka mwenye kusikiliza na kujumlisha.

CHAN ilitusaidia kwa njia ambayo hatukuipanga. Mwanzoni kila kundi lilitaka washambulizi, beki walidharauliwa. Harambee Stars wakashinda Kongo 1-0, wakatoka sare 1-1 na Angola, wakashinda Morocco 1-0 wakiwa wamebaki kumi uwanjani, wakashinda Zambia 1-0. Mechi tatu kati ya nne bila kufungwa! Makundi yaliyokuwa na golkipa au beki wa Kenya yakapanda, na bei ya beki ikapanda pia, kutoka 3 hadi 6. Halafu tukatolewa na Madagascar kwa penalti katika robo fainali, na hapo watoto wakajifunza kununua upya. Tuliruhusu kubadilisha mchezaji mmoja tu kila raundi. Jambo moja la kuangalia: katika kundi la timu tano, kila raundi timu moja inapumzika. Mtoto akisahau, mchezaji wake anapata sifuri. Waacheni wasahau mara moja.

Matokeo analeta katekista. Anayasikia kwa radio, au anayatafuta kwa simu yake, lakini simu haiguswi na mtoto. Hilo tulijifunza haraka, maana ukitafuta matokeo ya mpira tangazo la kubeti linakurukia kabla hujasoma bao la kwanza. Katekista anasoma peke yake, anaandika kwa ubao, basi. Karatasi za timu zinapokelewa mwisho saa kumi jioni kabla ya siku ya mechi, na anazifungia. Kila mara kuna watu wazima wawili, mahali pa wazi, na watoto wanakuwa nyumbani kabla ya giza.

Zawadi? Hapo tulibishana sana. Kuna mzee aliyejitolea kutoa jogoo kwa kundi la kwanza, kwa moyo mzuri kabisa, tukamwomba radhi. Kama hakuna kiingilio, jogoo si kamari, tunakubali. Lakini tulikuwa tumeungua mara mbili, na aliyeungwa na uji hupuliza hata maji. Tuliamua kwamba mwisho wa ligi maharagwe yote yanarudishwa na kuingia chungu kimoja. Maharagwe 240 hayamshibishi hata kuku, kwa hivyo vikundi viwili vikaongeza yao na mahindi, tukala githeri watoto wote, na kundi la Mvule lililoongoza likapewa heshima ya kupakua. Walijipakulia kidogo zaidi, tuliona, tukanyamaza.

Kikundi kinachotaka kuanza kisingoje mashindano makubwa. Kunaweza kuwa na ligi ya wiki nane ndani ya muhula, kwa Ligi Kuu ya Kenya, ambapo majina ya Gor Mahia na Leopards hayahitaji kufundishwa kwa mtoto yeyote. Na Kombe la Mataifa ya Afrika la 2027 limepewa nchi zetu hizi tatu, kwa hivyo kuna wakati wa kujizoeza.

Karatasi ya kuandikia timu iko mezani kwetu ofisini, mnaweza kuichukua na kuinakili kwa mkono, haina malipo. Yule mama wa vikapu atakuwepo kila Alhamisi kwa anayetaka kumwuliza. Maharagwe mlete yenu wenyewe, na tafadhali yasiwe yaliyotobolewa na wadudu. Watoto wanayakataa, wanasema ni noti bandia.