Mfadhili Naye Aulizwe: Usalama wa Watoto na Wasiojiweza Katika Vikundi vya Kujitolea



Nianzie Gilgil, mji wa kando ya barabara kuu kati ya Nakuru na Naivasha. Mwingereza aitwaye Simon Harris, aliyewahi kuwa mwalimu kwao, aliendesha huko shirika la hisani lililoleta vijana wa Uingereza kujitolea shuleni. Wavulana wa mitaani, hawa tunaowaita chokoraa, aliwavuta kwa chakula, pesa na mahali pa kulala. Februari 2015 mahakama ya Birmingham ilimfunga miaka 17 na miezi 4. Ilithibitika kwamba aliwadhulumu kingono wavulana wa Gilgil. Zaidi ya hayo, mwenyewe alikiri kuwadhulumu wanafunzi wa shule ya bweni ya Devon, Uingereza, alikofundisha miaka ya 1980.

Gilgil si porini. Ina polisi, kambi za jeshi, makanisa na shule. Sitasema nani alijua nini, maana hilo sikulichunguza. Ninalosema ni kwamba kwetu anayetoa haulizwi. Akileta madawati na unga, nani atathubutu kumuuliza mtoto alilala wapi jana? Tunaona ni utovu wa adabu, na pengine tunaogopa msaada utakatika. Naye chokoraa akisema, anaambiwa ni gundi anayonusa inayomsemesha. Kwa hiyo shukrani zetu na dharau zetu hufanya kazi moja: humwacha mtoto mikononi mwa yule asiyeulizwa.

Vikundi vingi siku hizi hudai cheti cha tabia njema kutoka kwa idara ya upelelezi, kisha hutulia. Cheti kidaiwe, sipingi. Lakini cheti husema habari za mtu aliyekwisha kukamatwa. Maovu ya Devon yalikaa miongo bila hukumu. Cheti gani kingeyaonyesha? Ndiyo maana sipendi kikundi kinachokesha kikitafuta mtu mbaya ni nani. Kikague kazi yenyewe. Nani hubaki na watoto mlango ukiwa umefungwa? Nani huwabeba kwenye gari peke yake? Picha zao zimo kwenye simu ya nani? Zawadi ya viatu ipitie kikundini, mtoto asijione ana deni kwa mtu mmoja. Wanaume kadhaa wameniambia wanaacha kujitolea wakihofia kusingiziwa. Hofu yao ina msingi, na kanuni ya kutaka watu wazima wawili wawepo kila mahali penye watoto inawalinda wao pia.

Tusisahau watu wazima. Mpango wa Inua Jamii huwapa wazee wa miaka 70 na zaidi, na nyumba zenye mtu mwenye ulemavu mkubwa, shilingi 2,000 kwa mwezi. Bibi asiyeona vizuri husindikizwa na kijana wa kikundi kwenda kuzitoa. Mwezi wa kwanza kijana anashika simu, wa pili anaijua namba ya siri, wa tatu kuna "nauli" iliyokatwa. Bibi ananyamaza, kwani akimkosa huyo nani atamfikisha sokoni na hospitalini? Hapo dawa si kumfukuza kijana tu. Wasindikizaji wabadilishwe, risiti isomwe kwa sauti mbele ya bibi, naye bibi aulizwe anavyotaka yeye, badala ya watu kumsemea kana kwamba hayupo.

Sasa neno gumu. Mashtaka ya kumdhulumu mtoto kingono yakitokea, kikundi humwendea mwenyekiti, naye mara nyingi ni shemeji au rafiki wa mshtakiwa. Wazee wanaketi, mbuzi wa fidia anatajwa, pesa za pole zinatolewa, mtoto anapelekwa kwa shangazi yake kijiji kingine, na mshtakiwa anabaki na watoto wengine. Hiyo si suluhu. Kifungu cha 40 cha Sheria ya Makosa ya Kingono ya 2006 kilimpa Mwanasheria Mkuu peke yake uamuzi wa kusimamisha uchunguzi au mashtaka, na tangu Katiba ya 2010 mashtaka ya jinai yako mikononi mwa Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma. Mzazi hana mamlaka ya kuyafuta, mzee hana, mchungaji hana. Sheria ya Watoto ya 2022 nayo inataka maslahi ya mtoto yatangulie mengine yote. Kila kikao cha nyumbani kinakula saa ambazo mtoto hana: dawa za kuzuia virusi vya UKIMWI lazima zianzwe kabla ya saa 72 kupita. Hospitali kwanza, bila kuoga wala kufua nguo. Kisha polisi na afisa wa watoto wa kaunti ndogo.

Viongozi wa vikundi mlio hapa, nawaomba jambo moja kabla ya mkutano wenu ujao. Chagueni mtu wa nje ya kikundi wa kupokea malalamiko, asiye jamaa wa mwenyekiti wala wa mfadhili, na jina lake libandikwe ukutani watoto walione. Chini yake andikeni 116, simu ya kitaifa ya kuwasaidia watoto. Hailipishwi, na hupokelewa usiku na mchana.