Muyaka Sokoni, Muyaka Darasani



Nimeombwa nizungumzie namna ya kuirudisha fasihi bora ya Kiswahili katika maisha ya kila siku. Mimi naona haijatoka huko. Tuliotoka ni sisi tunaoifundisha.

Tumtazame Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki mwaka 1840. Darasani tunamtaja kwa sauti nzito, kama mtu aliyezaliwa akiwa tayari ndani ya diwani. Lakini Muyaka alitunga juu ya njaa, madeni, mapenzi na unafiki wa marafiki. Aliwarushia watu wa Lamu maneno makali, na Bwana Zahidi Mngumi wa huko akamjibu kwa beti. Ndiyo mabishano yanayosomwa leo kama mashairi ya Vita vya Kuduhu. Alipokufa hapakuwa na kitabu chake kilichopigwa chapa. Baadaye sana Mwalimu Sikujua, Mmombasa pia, alizikusanya tungo hizo pamoja na mmisionari William Taylor, na diwani iliyohaririwa na Hichens ikatoka mwaka 1940, miaka mia baada ya kifo cha mtunzi. Kabla hazijaandikwa, nani alizitunza? Watu waliozihitaji: mwenye mdeni sugu, mwenye jirani mwenye kijicho, mwenye mpenzi aliyegeuka. Beti ilidumu kwa sababu ilikuwa na kazi.

Kazi hiyo bado ipo. Nendeni duka la kanga mkamwangalie mteja. Doti inakunjuliwa, anagusa kitambaa, anatazama pindo na mji, kisha jicho linashuka kwenye jina, yaani maneno yaliyoandikwa. Rangi ikimpendeza na jina likawa halimfai, doti inarudi rafuni. Kuna mtu ambaye mteja anataka alisome. Chukueni jina moja lililozoeleka, "Hasidi hana sababu". Hesabuni: mizani minane. Ni kipande kamili cha mshororo wa shairi, na sidhani kama Kaluta Amri Abedi, aliyetoa Sheria za Kutunga Mashairi mwaka 1954, angekuwa na la kulikosoa. Mvaaji hahitaji kujua mizani ni nini. Sikio lake linajua.

Taarabu nayo haina haja ya utetezi wangu. Siti binti Saad, mfinyanzi kutoka Fumba, Unguja, alikwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi santuri kwa Kiswahili, na nyimbo zake zilibeba habari za mji, hata mauaji na kesi za mahakamani. Shaaban Robert, tunayemweka juu kabisa ya rafu, aliandika wasifu wa Siti. Yeye hakuona ukuta kati ya mwimbaji wa watu na fasihi. Ukuta huo tumeujenga sisi kwa mitihani. Kisha miaka ya 1990, vikundi vya taarabu vya Dar es Salaam, TOT na Muungano, vikawa vinapashana jukwaani, na mashabiki wanainuka kwenda kutunza hasa pale penye neno la kumchoma mtu aliyekaa meza ya pili. Wazee walilalamika kwamba taarabu imeharibika. Inawezekana. Ila kujibizana kwa beti mbele ya umati si jambo ambalo Muyaka angehitaji kuelezwa.

Sisemi kila mpasho ni fasihi bora. Mingi ni matusi matupu, haina hata fumbo, na msimu ukipita imesahaulika. Hapo ndipo mwanafunzi angejifunza kuhukumu: kwa nini huu umekufa na ule wa Muyaka ukaishi? Sasa hivi tunampa shairi lililokwisha kuhukumiwa, tunamwomba ataje vina, mizani na bahari, naye anataja, anapata alama, hajui nani alikuwa anagombana na nani.

Pendekezo langu ni dogo. Kabla ya kufungua diwani, kila mwanafunzi wa kidato cha tatu alete majina matano ya kanga kutoka nyumbani, na kando ya kila jina aandike lilivaliwa lini na nani alikusudiwa, bila kumtaja mtu kwa jina lake halisi. Tusije tukaitwa barazani na wazazi. Wayahesabu mizani, watafute vina, wabishane lipi limetungwa vizuri. Wiki inayofuata wapewe beti za Muyaka zisizo na maelezo, na swali moja tu: hapa anaambiwa nani?